Mbu Ndani ya Chupa

Mvua ya masika ikiisha kunyesha, maji hutuama kila mahali palipo na shimo. Hutuama katika nyayo za ng'ombe njiani, na katika michirizi ya magurudumu ya magari, na katika mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali, na katika kopo lililotupwa nyuma ya jiko la shule. Watoto huyaruka maji hayo waendapo darasani, wala hawayatazami. Majuma machache yakipita, sauti nyembamba husikika masikioni usiku. Kisha asubuhi moja mwalimu huita majina, na jina moja halina mwenye kuitika. Jirani yake husema, "Hayupo, Mwalimu. Ana homa."

Dimbwi, na sauti ile ya usiku, na nafasi iliyo tupu darasani: mambo haya matatu yameshikamana kama shanga katika uzi mmoja. Mwanafunzi aweza kuambiwa habari hiyo na kuiandika katika daftari, kisha akaisahau mtihani ukiisha. Lakini yule aliyeuona uzi wenyewe kwa macho yake hausahau. Tena kuuona si kazi ya mabingwa tu. Vyombo vinavyotakiwa ni upawa wa kifuu, chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kipande cha kitambaa chepesi kama cha chandarua, uzi, na daftari. Kitu cha sita ni saburi, na hiyo haiuzwi dukani.

Kutafuta Katika Maji

Kazi huanzia nje, katika kiwanja cha shule na viunga vyake. Mwalimu huwagawa wanafunzi katika vikundi, na kila kikundi hupewa upande wake wa kuchunguza. Wengine huenda kwenye mfereji wa maji ya kuogea, wengine kwenye mashimo ya matofali, wengine kwenye njia ya ng'ombe, na wengine kwenye jaa la takataka penye makopo na vifuu.

Kulikaribia dimbwi kuna adabu yake. Anayetaka kuona hana budi kwenda polepole, tena kwa upande ambao kivuli chake hakitaanguka juu ya maji. Sababu yake ni hii: viluwiluwi wa mbu wakihisi kivuli au mtikisiko huzama mara moja mpaka chini, na mtu mwenye haraka husema, "Hapa hapana kitu," akaenda zake. Mwenye saburi huchutama kimya kwa dakika mbili tatu. Ndipo huwaona wakipanda tena mmoja mmoja, maana nao huvuta hewa kama wanyama wa nchi kavu, wala hawawezi kukaa chini siku zote. Hapo upawa huingizwa taratibu ukingoni, maji yakachotwa.

Jambo moja lataka uangalifu. Wanafunzi wasiingie majini kwa miguu mitupu, kwa sababu katika madimbwi makubwa, mito na maziwa mengi huwamo vijidudu vya kichocho vipenyavyo ngozi. Wachote wakiwa wamesimama mahali pakavu.

Kila kikundi huandika katika daftari mambo manne: ni mahali gani, je, maji yako juani au kivulini, je, ni safi au machafu, na wakichota mara kumi walipata viluwiluwi wangapi. Daftari hilo litafaa sana baadaye.

Viluwiluwi wakiisha kuwamo katika upawa, huonekana ya kuwa si wote wa namna moja. Wengine huning'inia kichwa chini na mkia juu, na mkiani wana bomba dogo lifikalo mpaka usoni pa maji. Bomba hilo ndilo wapumulialo. Hao ni watoto wa mbu aitwaye Kuleksi, au wa yule mwenye madoa meupe miguuni, aitwaye Aedesi. Wengine hawana bomba hilo, nao hulala sawasawa chini ya uso wa maji, kama vijiti vidogo vinavyoelea. Hao ni watoto wa Anofelesi, na Anofelesi ndiye mbu aenezaye malaria kwa wanadamu.

Hapa wanafunzi hupata jambo la kuwastaajabisha. Watu wengi hudhani ya kuwa mbu wa malaria hutoka katika maji yanukayo. Lakini apendaye maji machafu ya mifereji na ya mashimo ya vyoo ni Kuleksi. Anofelesi wengi wa Afrika Mashariki hupenda maji yaliyo safi kidogo, yaliyotuama juani, kama yale ya nyayo za ng'ombe, na ya mashimo ya matofali, na ya mashamba ya mpunga. Aedesi naye hutaga mayai katika makopo, vifuu, mitungi na matairi makuukuu. Huyo haenezi malaria, ila hueneza homa ya kidingapopo, ambayo siku hizi huitwa pia dengue. Basi mtu akifagia uwanja na kuzibua mfereji, akaziacha nyayo za ng'ombe zimejaa maji, amemfukuza adui mmoja na kumwachia mwingine nafasi.

Siku za Chupa

Viluwiluwi kumi hivi hutiwa katika chupa pamoja na maji yale yale ya dimbwi, yapate nusu ya chupa. Maji ya bomba hayafai, kwa kuwa chakula chao ni vitu vidogo sana vilivyomo katika maji waliyozaliwa. Mdomo wa chupa hufunikwa kwa kitambaa na kufungwa barabara kwa uzi. Kitambaa kikilegea, darasa litakuwa limemfuga adui na kumfungulia mlango. Chupa huwekwa karibu na dirisha penye mwanga, lakini si penye jua kali, wasije wakafa kwa joto.

Tangu siku hiyo wanafunzi wawili huwa na zamu ya kutazama, kila siku saa ile ile, na kuandika waliyoyaona, wala si waliyoyadhani. Wataona ya kuwa kiluwiluwi hula mchana kutwa na kukua upesi. Ngozi yake haikui pamoja naye. Kwa hiyo ikimbana huivua, na ile ya zamani huelea majini tupu kama kanzu iliyotupwa. Hufanya hivyo mara nne. Lakini mara ya nne akiisha kujivua, si kiluwiluwi tena. Kichwa na kifua vimekuwa kama tonge moja, na mkia umekunjamana, hata umbo lake lafanana na alama ya mkato ambayo mwalimu huiandika ubaoni. Huyu huitwa buu. Buu hali kitu, wala hana bomba la mkiani. Hupumua kwa vipembe viwili vilivyo juu ya kifua. Akishtushwa huzama akijipindua-pindua, kisha hupanda tena.

Hata siku ya pili au ya tatu buu hutulia usoni pa maji na kunyoka. Mwanafunzi aliye zamu asiondoke sasa, maana jambo lenyewe limekaribia. Ngozi ya mgongo hupasuka, na katika ufa ule hutokea kifua, halafu kichwa, halafu miguu mirefu na mbawa zilizokunjwa. Mbu husimama juu ya ngozi yake ya zamani kama baharia katika mtumbwi, akingoja mbawa zikauke. Maji yakitikiswa wakati huo, aweza kuanguka na kufa maji, yeye aliyezaliwa humo. Zikiisha kukauka, huruka akatua juu ya kitambaa.

Sasa huweza kutazamwa vizuri. Anofelesi akitua huinua sehemu ya nyuma, hata mwili wake huwa mshazari kama msumari uliopigwa upande. Kuleksi hukaa sambamba na mahali alipotua. Mbu dume wana vipapasio vyenye manyoya mengi, mfano wa unyoya mdogo wa ndege. Vya jike vina manyoya machache. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu dume hawaumi watu kamwe. Chakula chao ni maji matamu ya maua. Jike nao hunywa maji hayo, lakini hutafuta damu pia, kwa kuwa bila damu mayai yao hayapevuki.

Mambo haya yakiisha kuonekana, mwalimu humimina maji ya moto juu ya kitambaa, na mbu wote wa chupa hufa. Asiachwe hata mmoja. Kisha wanafunzi hufungua madaftari na kuhesabu siku. Yai huanguliwa baada ya siku mbili tatu; kiluwiluwi hukua kwa siku kadhaa; buu hukaa siku mbili au tatu. Tangu yai mpaka mbu arukaye ni siku 7 mpaka 14 hivi. Penye joto huwa upesi, na penye baridi kama nchi za milimani huchelewa. Hesabu hiyo na ikumbukwe, kwa maana ndiyo silaha iliyopatikana katika chupa.

Chupa Mbili na Mafuta

Mwanafunzi aweza kuuliza, "Je, ni kweli ya kuwa viluwiluwi huvuta hewa ya juu? Samaki mbona hawavuti?" Swali la namna hiyo halijibiwi kwa ubishi. Hujibiwa kwa jaribio.

Chupa mbili hutwaliwa, na kila moja hutiwa maji yale yale na viluwiluwi kumi. Katika chupa ya kwanza hudondoshwa mafuta ya kupikia kidogo, yapate kutanda juu ya maji yote. Ya pili haitiwi kitu. Zote mbili huwekwa mahali pamoja, ili zisipitane kwa joto wala kwa mwanga. Baada ya muda viluwiluwi wa chupa ya kwanza hupanda, wakayagusa mafuta, wasiweze kuvuta hewa, mwisho hufa. Wa chupa ya pili huendelea kucheza.

Chupa ile ya pili, ambayo haikufanywa kitu, ndiyo iliyo shahidi. Kama isingalikuwako, mtu angaliweza kusema, "Labda walikufa kwa joto, au kwa njaa." Walakini mafuta yasimwagwe katika visima, mito wala mabwawa. Yataharibu maji ya watu na kuua samaki wadogo, ambao nao hula viluwiluwi wengi bila kulipwa mshahara.

Jinsi Habari Hii Ilivyojulikana

Zamani wazee wengi walisema ya kuwa homa huletwa na mvua, au na umande, au na kula maembe. Hawakuwa wajinga. Waliona sawasawa ya kuwa majira ya mvua na majira ya homa hufuatana. Watu wa Ulaya nao walidhani ya kuwa homa hutoka katika hewa ya mabwawa; jina lenyewe "malaria" ni la Kiitalia, na maana yake ni hewa mbaya. Wote waliona shanga ya kwanza na ya mwisho. Ile ya katikati ilikuwa imefichwa kwao.

Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, alikuwa akifanya kazi Algeria. Alipotazama damu ya mgonjwa kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, aliona vijidudu vilivyo hai. Hivyo ndivyo viletavyo malaria. Lakini viliingiaje katika damu?

Daktari Mwingereza, Ronald Ross, alilitafuta jawabu katika Bara Hindi. Aliwapasua mbu wengi mno, mmoja mmoja, chini ya hadubini, asipate kitu, maana alikuwa akichunguza mbu wa namna nyingine. Kosa lake lilikuwa lile lile la mtu asiyewatofautisha viluwiluwi katika upawa. Hata tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad, alimpasua Anofelesi aliyekuwa amekunywa damu ya mgonjwa wa malaria, na katika ukuta wa tumbo la mbu yule akaviona vijidudu vikikua. Mwaka 1898 wataalamu wa Italia, wakiongozwa na Giovanni Battista Grassi, walithibitisha ya kuwa Anofelesi ndiye aenezaye malaria kwa watu.

Wengine bado hawakusadiki. Basi mwaka 1900 madaktari wawili, Sambon na Low, walikwenda kukaa karibu na Roma, katika nchi ya mabwawa iliyojulikana sana kwa homa. Walijengewa nyumba yenye wavu madirishani na milangoni. Mchana walitembea nje kama watu wengine, wakavuta hewa ile ile. Kila jioni, kabla jua halijatua, waliingia ndani na kufunga milango. Walikaa hivyo majira yote ya homa bila kunywa dawa ya kuizuia, na homa haikuwapata, ingawa wenyeji wa jirani waliugua. Jaribio lao lilikuwa kama lile la chupa mbili: hewa ilikuwa moja, tofauti ilikuwa mbu.

Leo yajulikana ya kuwa mbu akinywa damu yenye vijidudu, havimwi mtu mwingine siku ile ile. Hukaa ndani ya mbu na kuongezeka kwa siku 10 mpaka 14 hivi, hata vifike katika mate yake. Ndipo akimwuma mtu mwingine humtia vijidudu pamoja na mate. Kwa hiyo mbu hazaliwi na malaria katika dimbwi; huipata kwa mtu na kuipeleka kwa mtu.

Kazi ya Kila Juma

Malaria si jambo la mchezo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa katika mwaka 2023 watu wapatao 597,000 walikufa kwa malaria, na karibu wote walikuwa wa Afrika. Wengi wao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano, yaani wadogo wa wale wasomao katika madarasa ya juu.

Basi daftari la dimbwi na hesabu ya chupa hufaa nini? Hufaa hivi. Kwa kuwa mbu huhitaji juma moja au zaidi kukua, shule ikizunguka viwanja vyake mara moja kila juma, ikafukia nyayo na mashimo, ikamwaga maji ya makopo na kuyazika, ikafunika mapipa, viluwiluwi watakauka juani kabla hawajapata mbawa. Shule ifanyayo hivyo mara moja kwa mwezi hupoteza nguvu zake bure, maana mbu huwa wameruka zamani. Tena kila kikundi hakitangitangi. Daftari huwaambia mahali ambapo upawa ulileta viluwiluwi wengi, nao huanzia hapo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na dimbwi lisilofukiwa leo litahitaji dawa kesho.

Lakini kazi hiyo peke yake haitoshi. Mashamba ya mpunga hayawezi kufukiwa, na Anofelesi aweza kuruka kilometa moja na zaidi kutoka kwa jirani. Yeye huuma hasa tangu jioni mpaka alfajiri. Kwa hiyo kila mtu, mkubwa na mdogo, na alale ndani ya chandarua chenye dawa, kisicho na tundu, kilichochomekwa chini ya godoro au mkeka. Mtu akiona homa, na apelekwe hospitali upesi siku ile ile, apimwe damu, na akipewa dawa aimalize yote, hata kama amejisikia nafuu siku ya pili. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali chanjo ya kwanza ya malaria kwa watoto wadogo, nayo ni msaada mkubwa. Walakini chanjo haikuondoa haja ya chandarua.

Mwenyezi Mungu amewapa watoto macho makali kuliko ya wazee, na magoti yasiyochoka kuchutama. Mwanafunzi aliyemwona mbu akitoka katika ngozi yake, akirudi nyumbani hatasema tu, "Mwalimu amesema." Atamshika mama yake mkono, atampeleka nyuma ya nyumba penye kopo lenye maji, atatumia upawa, naye atasema, "Mama, tazama." Na asubuhi majina yatakapoitwa, pengine kila jina litapata mwenye kuitika.

Maswali

1. Kwa nini yafaa mtu aliendee dimbwi bila kuangusha kivuli chake juu ya maji?
2. Viluwiluwi wa Anofelesi na wa Kuleksi hutofautianaje wakaapo majini?
3. Katika jaribio la mafuta, chupa isiyotiwa mafuta ilikuwa na kazi gani?
4. Kwa nini viwanja vya shule hutazamwa kila juma, wala si kila mwezi?
5. Chunguza sehemu tatu zenye maji karibu na nyumbani, na uandike mambo manne ya kila moja.